Subira ya Mama wa Busia Isibebeshwe Kazi ya Dawa

Ukimuuliza mama Mwislamu wa Busia hali ya mwanawe mwenye selimundu, atakujibu "Alhamdulillahi", hata kama amekesha akimkanda miguu kwa maji ya uvuguvugu huku mtoto akilia mifupa inamuuma. Ndivyo tulivyolelewa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda: maradhi ni mtihani, na mtihani hukabiliwa kwa subira na dua.

Hapa London nako akina mama Waislamu wanashukuru vivyo hivyo. Tofauti inaanzia kisiginoni. Mtoto akifikisha siku tano, mkunga humdunga kisigino na damu ikapimwa. Akikutwa na selimundu, huanzishiwa penisilini ya kila siku mapema, kumkinga na maambukizi. Kwetu, wengi hushtuka vidole vya mtoto vikishavimba, na mara nyingi uchawi ndio unaotajwa kwanza.

Si uchawi, ni urithi. Aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingika na malaria kali, na Tororo, jirani na Busia, malaria haikauki. Ndiyo maana urithi huu umeenea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto waliopimwa Uganda wanao. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo kuleta mtoto mgonjwa.

Nyumbani tunawashinda wa huku kwa jambo moja: mama hauguzi peke yake. Mtoto akilazwa Tororo, wanawake wa msikitini huleta uji, hupokezana zamu wodini na kumsomea Yasini. London hospitali huajiri hata maimamu, lakini usiku mama wa ughaibuni mara nyingi hana wa kumpokea.

Hata hivyo, uji na Yasini havijaja kuchukua nafasi ya dawa. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alihimiza kujitibu. Na dawa ipo: haidroksiyurea ilijaribiwa kwa watoto wa Mbale na Kilifi, na matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha maumivu, malaria na vifo vikipungua.

Masheikh wetu, semeni mimbarini: vijana wapime damu kabla ya nikah, na mtoto mwenye selimundu asilazimishwe kufunga, kwani kukaukiwa maji huamsha maumivu na dini imemruhusu mgonjwa kula. Nasi wa ughaibuni, tunapochangia ujenzi wa misikiti, tutenge fungu la penisilini.