Ukipata nafasi, nenda Tomar

Kwako Mwanaisha,

Huku Mombasa hatujambo. Mama yako anakusalimu, na bado ananung'unika kwamba hupigi simu. Umeniuliza uende wapi ukipata siku ya mapumziko huko Lisbon. Panda treni uende Tomar, mwendo wa saa mbili hivi.

Tomar palikuwa makao ya Watemplari wa Ureno, wale watawa wapiganaji wa Vita vya Msalaba. Shirika lao lilizaliwa Jerusalem mnamo 1119, wakajiweka ndani ya Msikiti wa Al-Aqsa. Ngome ya Tomar ilianza kujengwa mwaka 1160 chini ya Gualdim Pais, mkuu wao, aliyekwisha kupigana Mashariki.

Ukifika usikimbilie ndani. Tazama kwanza mguu wa ukuta. Haukusimama wima, umetanuka chini na kulala kwa mteremko, ujanja uliotoka Sham. Anayetaka kuchimba chini ya ukuta auangushe anakutana na unene wa mawe, na mnara wa mbao wa kuzingira hauwezi kusogezwa karibu. Mwaka 1190 jeshi la Yaqub al-Mansur, khalifa wa Almohadi wa Moroko, liliizingira ngome hiyo, likashindwa kuiteka.

Kisha ingia kanisani mwao. Ni la duara: kwa nje lina pande 16, na katikati kuna kijumba kirefu cha pande nane, kwa kufuata majengo matakatifu waliyoyaona Jerusalem. Waongoza watalii watakwambia wapiganaji walisikiliza misa juu ya farasi, wakizunguka humo. Hadithi tamu, ila mimi siiamini. Na wakianza habari za hazina iliyofichwa, wewe pita zako.

Mwaka 1307 mfalme wa Ufaransa, Philip wa Nne, aliwakamata Watemplari wa nchi yake, na mwaka 1312 Papa akalivunja shirika zima. Mfalme Dinis wa Ureno hakutaka mali yao imponyoke. Mwaka 1319 likaundwa Shirika la Kristo, likarithi ngome na mashamba. Mwanamfalme Henrique alipokabidhiwa shirika hilo mwaka 1420, mapato yake yakasaidia kugharamia meli za kushuka pwani ya Afrika. Hapo ndipo habari inapotufikia sisi: msalaba mwekundu wa shirika hilo ndio uliokuwa kwenye matanga ya Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498.

Mfalme aliyemtuma, Manuel, alikuwa pia msimamizi wa shirika. Ndiye aliyeongeza jengo upande wa magharibi wa kanisa lile la duara, na huko utaliona dirisha linalojaza kadi zote za posta. Fundi kachonga kamba za jahazi na mafundo yake, matumbawe, na juu kabisa msalaba ule ule. Kazi ya mikono imara, sikatai. Lakini lilichongwa miaka ya 1510 na kitu, na mwaka 1505 meli za Manuel huyo huyo zilikuwa zimepora Kilwa na kuichoma moto Mombasa yetu. Mimi siwezi kuzitazama kamba zile nikaona urembo mtupu.

Wewe Kireno sasa unakijua. Waulize wanaotembeza wageni kama mwaka 1505 wanautaja, kisha uniandikie wamejibu nini. Na umpigie mama yako.

Mjomba wako