Ugonile

Nilistaafu mwaka 2023, baada ya miaka 37 ya kushika migongo ya watu. Siku ya kuniaga walinipa blanketi, saa ya ukutani na maneno mazuri. Hakuna aliyeniuliza jambo nililotaka kuulizwa, kwa hiyo naliandika hapa.

Nilizaliwa Ilomba, Mbeya, mwaka 1963. Mama aliuza ndizi, baba alipata kibarua kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA ulioanza mwaka 1970. Reli ilipokabidhiwa mwaka 1976, baba alikuwa tayari amerudi nyumbani na kiuno ambacho hakikunyooka tena. Shule nilisoma kama wengine, mvua ikinyesha tunafunika madaftari kwa mifuko ya nailoni. Hayo yanatosha.

Aliyenifundisha kazi alikuwa bibi, mama yake mama, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyekuja kukaa kwetu baada ya kufiwa na mume. Alikuwa mkandaji. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha maji na kushika kichupa cha mafuta ya nyonyo. Mgonjwa alikaribishwa mkekani, kisha bibi anamwambia, “Ugonile?” Kila Mnyakyusa anaijua salamu hiyo, nayo maana yake ni “umelala?” Mtu anaijibu kwa mazoea, kama sisi tunavyosema “nzuri” hata nyumba ikiwa inaungua. Bibi alikuwa akikataa jibu hilo. Anarudia kwa Kiswahili, taratibu: “Sikusalimii, nakuuliza. Umelala?”

Nilikuwa na miaka kama kumi alipokuja bwana mmoja na kuku wake wa malipo chini ya kwapa. Mgongo ulimuuma miezi mingi. Alisema halali, usiku anatokwa jasho mpaka shuka linaloa, na mkanda wa suruali ameutoboa tundu jipya. Bibi alipitisha vidole mgongoni bila kubonyeza, akasimama kwenye pingili moja iliyojitokeza, akaniambia nifunike mafuta. “Mgongo huu si wangu. Mpelekeni hospitali.” Nilikasirika kwa sababu ya yule kuku.

Miaka kumi baadaye nilikuwa Moshi, pale hospitali ya KCMC, nasomea fiziotherapia. Mwalimu akatueleza kwamba mwaka 1779 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika juu ya watu wanaopinda mgongo na kupooza miguu, na kwamba baadaye ilijulikana kuwa ni kifua kikuu kilichoingia kwenye pingili. Kinakula mfupa na diski polepole. Mgonjwa anaweza asikohoe hata mara moja. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, maumivu yasiyotulia hata ukilala. Niliweka kalamu chini. Bibi hakujua kusoma, na yote hayo alikuwa akiyauliza kwa neno moja.

Nilianza kazi mwaka 1986. Hospitali siitaji, wanaonijua wanaijua. Kwa wagonjwa nilikuwa “yule wa mazoezi”, na maswali yao kwa miaka yote yalikuwa yaleyale. Wengi waliogopa kuuliza mpaka wamelala kitandani, ndipo wanasema, wakiwa wamegeukia ukuta: “Utanivunja?” Mjamzito anauliza kwa ajili ya mtoto kuliko kwa ajili yake. Mzee anataka kujua kama anaruhusiwa kulima. Na karibu wote wanataka kupigwa picha. Hapo nilikuwa nawaeleza kwamba mwaka 1994 watafiti Marekani walichapisha picha za migongo ya watu 98 wasiokuwa na maumivu yoyote, na zaidi ya nusu yao walikutwa na diski iliyotokeza. Picha bila maswali inaweza kukutia hofu ya kitu ambacho si ugonjwa wako.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuja mwenzangu mmoja, mkubwa wangu kwa cheo, kutoka masomoni ng'ambo. Alikuwa amejifunza kairopraktiki kidogo, na mikono yake ilikuwa mizuri, hilo sitalificha. Fani hiyo aliianzisha Daniel David Palmer mwaka 1895 mjini Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, akiamini kwamba maradhi mengi yanatokana na pingili zilizohama mahali pake. Mgonjwa analazwa ubavu, goti moja linakunjwa, bega linazuiwa, kisha kiuno kinasukumwa mara moja, kwa kasi, kwa umbali mdogo sana. Mgongo unaalika kama vidole vinavyoalishwa. Watu wetu wakasema jamaa anavunja migongo, na foleni ikafika getini.

Ufundi huo nilijifunza kwake, nikautumia mpaka nastaafu. Kwa maumivu ya kawaida ya kiuno unasaidia, takriban sawa na mazoezi mazuri yanavyosaidia. Mengi ya maumivu hayo hupungua yenyewe ndani ya wiki sita hivi ukiendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi. Ugomvi wetu haukuwa juu ya mikono.

Ulianzia kwenye majibu. Mgonjwa akiuliza, “Huo mlio ni nini?” yeye alisema, “Pingili ilikuwa imetoka, nimeirudisha.” Pingili haitoki hivyo. Ingekuwa imetoka kweli, usingeweza kutembea kutoka sokoni Mwanjelwa kuja kunionyesha. Ndani ya kiungo mna ute. Kiungo kikivutwa ghafla mgandamizo unashuka, hewa iliyoyeyuka kwenye ute inafanya kiputo, nao ndio mlio. Jaribu kukialisha kidole kilekile papo hapo, kitakataa kwa dakika kama 20. Daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alialisha vidole vya mkono wa kushoto kwa zaidi ya miaka 60 na kuuacha wa kulia, na mikono yote miwili ikabaki sawa, bila ugonjwa wa viungo. Huyo ni mtu mmoja tu, lakini wagonjwa wangu walimpenda. Mgonjwa akiaminishwa kwamba mgongo wake unatoka na kurudi, anaanza kuogopa kuinama, na hofu hiyo nimeiona ikimlemaza mtu kuliko maumivu yenyewe. Tena atarudi kila wiki, maisha yake yote, alipie kurudishiwa kitu ambacho hakikutoka. Aliyeniuliza aje mara ngapi nilimjibu kwamba wiki chache zikipita bila nafuu, tunaacha na kutafuta sababu nyingine.

Sasa nieleze ya mwaka 1998. Soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, lilikuwa halijaungua kwa moto wa 2006. Kijana wa miaka 22, mbeba viazi sokoni hapo, aliletwa na kaka yake. Mgongo wa mbeba magunia ya lumbesa kuuma si ajabu. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, lumbesa inapita hapo ikiwa imevikwa kilemba, na Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu 1967 kwamba mwanamume asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Yeyote angesema ni mzigo. Nilimkuta kwenye benchi la kusubiri, nikamuuliza la bibi. Hajalala vizuri miezi mitatu. Jasho. Suruali zinampwaya. Niliandika kwenye kadi yake: apigwe picha, apimwe kifua kikuu, asiguswe kwanza.

Mkubwa wangu aliisoma kadi, akachora mstari kwa wino mwekundu, akamlaza ubavu. Mlio tuliusikia kwenye korido. Kijana aliinuka akicheka, akashukuru.

Mimi nilinyamaza. Nilikuwa na watoto watatu na barua ya kupandishwa daraja ilikuwa mezani kwake.

Baada ya wiki tatu kijana alirudishwa kwa mkokoteni, miguu haisogei, haja ndogo imeziba. Picha ilionyesha pingili mbili zimeliwa na diski iliyokuwa kati yake haipo. Kikao kiliitwa. Kadi yangu haikuwemo kwenye faili, na mpaka leo hakuna aliyeiona. Ikaandikwa kwamba mgonjwa alichelewa kufika.

Tulibishana miaka mingi, mara ya mwisho msibani, tukiwa wazee wote wawili. Alishikilia kwamba ugonjwa ungemlemaza hata bila yeye. Inawezekana. Sijawahi kudai kwamba mkono wake ulileta kifua kikuu. Ninachodai ni kwamba wiki tatu zilipotea, kwamba mfupa unaooza hausukumwi, na kwamba dakika tano za maswali zingetosha. Jibu lake lilikuwa kwamba foleni ilikuwa ndefu. Ameshatangulia mbele ya haki, na jina lake nitaendelea kulihifadhi. Kijana alikunywa dawa zake zote, zinatolewa bure, na leo anatembea kwa fimbo.

Mwezi uliopita niliingia saluni moja karibu na Kabwe. Kinyozi, mtoto mzuri, alimaliza kumnyoa mteja, akamshika kidevu na kisogo, akaizungusha shingo mpaka ikalia. Nikamuuliza alijifunza wapi. Kwenye simu. Mwanangu, kupitia matundu ya pingili za shingo hupanda mishipa miwili inayopeleka damu nyuma ya ubongo. Mmoja ukichanika ndani, mtu anapata kiharusi hata akiwa na miaka 30. Hutokea kwa nadra, lakini wewe huna njia ya kumjua atakayepatwa, wala hukumuuliza chochote. Acha shingo za watu.

Nanyi mliosoma, mnaovaa koti jeupe, ninawasema zaidi. Mnajua mbinu nyingi kuliko sisi. Ila nawaona mnamlaza mgonjwa kitandani kabla hamjajua kama aliwahi kuugua saratani, kama alianguka, kama anahisi ganzi makalioni na katikati ya mapaja, kama mkojo umegoma kutoka, kama miguu inaishiwa nguvu. Anayejibu ndiyo kwa ganzi hiyo au mkojo huo hangojei kesho, anakwenda hospitali leo hii. Foleni si sababu. Niliwahi kuikubali kuwa sababu, na mtu anatembea kwa fimbo.

Nipo nyumbani Ilomba, asubuhi napatikana. Anayetaka kujifunza kuualisha mgongo nitamfundisha bila malipo, lakini wiki ya kwanza atakaa mkekani na wagonjwa na kuwauliza kama wamelala.