Baba wa Benchi la Mwisho

Kila Dominika, katika Misa ya pili, baba yangu alikuwa na mahali pake: benchi la mwisho, upande wa kushoto, karibu na mlango. Hakujua kufanya ishara ya msalaba. Wengine wakisimama alisimama, wakikaa alikaa, na wakati wa kupiga magoti aliinamisha kichwa tu, kofia yake ikiwa mkononi. Baba hajabatizwa. Alikuja kanisani kwa sababu moja, wala hakuificha: kuwasikiliza watoto wake wakiimba.

Nyumbani kwetu ni Isaka, katika Jimbo Katoliki la Kahama. Wengi wanaijua Isaka kwa bandari yake kavu. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza inapita hapo, na mizigo inayotoka Dar es Salaam inashushwa kwenye mabehewa na kupakiwa kwenye malori yanayokwenda Rwanda na Burundi. Baba amekuwa kuli kwa miaka mingi. Mama anawapikia madereva wali na maharage. Siku sita za juma baba anarudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye kope. Siku ya saba anaoga mapema, anavaa shati lake jeupe, na anatoka nyumbani kabla ya mama.

Tumezaliwa wanne, na wote tumepitia kwaya ya watoto. Mimi niliimba sauti ya kwanza mpaka sauti ikanigeuka, wakanihamishia besi kwa wakubwa. Sasa wamebaki wawili: mdogo wangu wa kike mwenye miaka 14, na kitinda mimba wetu wa miaka 10. Huyo binti ndiye anayeimba mashairi ya wimbo wa katikati. Akimaliza, baba alikuwa anamgeukia aliyekaa jirani yake, awe nani, na kumnong'oneza: "Huyo ni wangu." Jirani anajua. Ameambiwa Dominika iliyopita na ile ya kabla yake. Hata hivyo anaambiwa tena. Huko kazini makuli wenzake wamemwita Baba Kwaya, na jina hilo analiitikia kwa furaha.

Mwaka jana nilirudi likizo baada ya mwaka wa kwanza wa falsafa. Wanafalsafa wenzangu watanielewa nikisema kwamba mwaka ule wa kwanza ni wa hatari. Mtu anajua maneno mengi kuliko anavyojua watu. Nilikuwa nimesoma Maungamo ya Mtakatifu Augustino, kitabu cha kumi, pale anapokiri kwamba kuna nyakati anavutwa zaidi na sauti kuliko na kile kinachoimbwa, na anaona hiyo ni dhambi. Niliona nimempatia baba dawa.

Jioni moja tukiwa tunakula nikamwambia: "Baba, wewe huji kanisani kwa ajili ya Mungu. Unakuja kujivunia watoto."

Mama aliacha tonge mkononi. Baba hakukasirika. Alinawa mikono taratibu, akaifuta, akasema: "Sawa, frateri."

Hakuniita mwanangu. Aliniita frateri.

Dominika iliyofuata benchi la mwisho lilikuwa tupu. Mdogo wangu alipanda kwenye mimbari kuimba wimbo wa katikati, akatazama mlangoni kama alivyozoea. Shairi la kwanza aliliimba vizuri. La pili sauti ilimshuka katikati, mpiga kinanda akamfuata mpaka akamrudisha. Waamini wengi labda hawakugundua. Mimi niligundua. Tulipofika nyumbani akaniuliza: "Kaka, baba anaumwa?" Sikuwa na jibu. Falsafa yote niliyotoka nayo seminarini haikunipa jibu la swali hilo dogo.

Usiku ule nilifungua tena kile kitabu cha kumi, na aibu ikanishika. Nilikuwa nimeisoma sura ile nusu. Baada ya kueleza hofu yake, Augustino anakumbuka machozi aliyoyamwaga kwa nyimbo za Kanisa siku za mwanzo za imani yake. Mwishoni anaelekea kuikubali desturi ya kuimba kanisani, kwa sababu kupitia furaha ya masikio moyo ulio dhaifu unaweza kuinuliwa kwenda kwa Mungu. Na ukirudi nyuma mpaka kitabu cha nane, ni nini kilichomgeuza pale bustanini Milano? Ilikuwa sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani, ikirudiarudia maneno kwa namna ya wimbo, naye akaisikia kama amri ya kufungua Maandiko na kusoma. Mwaka 387, usiku wa kuamkia Pasaka, Mtakatifu Ambrosi akambatiza. Mwalimu mkubwa wa Kanisa aliletwa na sauti ya mtoto, na mimi nilikuwa nimemfukuza baba yangu kwa sababu ileile iliyomleta Augustino.

Kisha nikakumbuka Injili ya Mathayo, sura ya 21. Watoto wanapaza sauti Hekaluni wakimshangilia Mwana wa Daudi, na wanaokasirika ni makuhani wakuu na waandishi, watu wanaoyajua Maandiko. Yesu anawatetea watoto. Kila nilipoisoma habari hiyo nilijiweka upande wa watoto. Usiku ule niliona kwamba nilikuwa nimesimama na waandishi.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulifikiri, nalo nililikulia. Baba ni Msukuma, na ujanani alifuata ngoma. Usukumani kuna pande mbili za ngoma tangu zamani, Bagika na Bagalu, na zikishindana, mshindi ni anayevuta watu wengi upande wake. Kwa mtu aliyelelewa hivyo, kuacha shughuli zako ukaenda kusimama na kumsikiliza mwimbaji ni kumpa heshima, na mwimbaji akiwa mwanao ni heshima ya ukoo. Kanisa lenyewe halikuidharau furaha hiyo. Kule Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika alizipokea ngoma za Wasukuma, na mashindano ya Bulabo yamefungamana na Sherehe ya Mwili na Damu Takatifu ya Kristo. Wamisionari waliotoka mbali waliona mlango hapo. Mimi mtoto wa nyumbani niliona kosa.

Asubuhi kabla hajatoka kwenda kazini nilimwendea. Nilimwamkia kwa Kisukuma, jambo nililokuwa nimeliacha kidogo tangu nianze kuitwa frateri. "Mwangaluka, baba." Akaitikia. Nikamwomba msamaha. Alikaa kimya akifunga kamba za viatu, kisha akasema, nami nayaweka hapa kwa Kiswahili: "Ng'ombe jioni hafikirii zizi. Anafuata sauti ya ndama wake. Lakini akishafika kwa ndama, amekwisha kuingia zizini."

Akachukua kofia yake akaondoka.

Nimeyafikiri maneno hayo mwaka mzima. Katika lugha yetu tunalo neno fahari na tunalo neno kiburi, wala si kitu kimoja. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba kiburi ni mtu kuutamani ukuu wake mwenyewe kupita kipimo. Baba hakuwa anautaka ukuu wake. Mtu anayebeba magunia siku sita, siku ya saba anasikia kitu kizuri kimetoka nyumbani kwake, anashindwa kunyamaza. Tena Baba wa mbinguni mwenyewe, pale mto Yordani, alitamka mbele ya watu kwamba anapendezwa na Mwanae, kabla Mwana hajafanya muujiza hata mmoja. Mzazi anayenong'ona "huyo ni wangu" hayuko mbali sana na sauti ile.

Sisemi kwamba hakuna hatari. Ipo, na kwaya zetu zinaijua. Kuna mzazi anayemwondoa mtoto kwaya kwa kuwa shairi alipewa mwingine. Kuna anayetaka sare ya ghali wakati anajua mtoto wa jirani hataweza kuinunua. Kuna anayepanda mpaka altareni na simu kumpiga mwanae picha wakati wengine wanasali. Kipimo changu siku hizi ni chepesi: fahari inafurahi mtoto wa mwenzako naye akiimba vizuri, kiburi kinaumia. Nikakumbuka kwamba baba, mtoto wa mtu mwingine akiimba shairi, humuuliza jirani yake: "Huyo ni wa nani?" Akishaambiwa, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Ndugu zangu mafrateri, tukijaliwa tutakuwa mapadre, na makanisa yetu yatakuwa na mabenchi ya mwisho. Watakaokaa pale wengi watakuwa wameletwa na mtoto. Tusiwaulize sababu ya kuja kwa ukali mpaka wakakosa sababu ya kurudi. Na ninyi wazazi, endeleeni kuja kuwasikiliza. Mtoto anayeimba anatazama mlangoni kuliko mnavyodhani.

Baba alirudi Dominika iliyofuata, na tangu hapo hajakosa. Anakaa mahali pake palepale. Sijamwambia neno juu ya ubatizo, ingawa kila siku namwombea. Ila siku yangu ya mwisho ya likizo, tukisubiri basi barabarani, aliniuliza: "Ule wimbo anaouimba mdogo wako baada ya somo la kwanza, yale maneno ni ya nani?"

Nikamwambia ni zaburi, ni sala za mfalme aliyekuwa mchungaji.

"Mchungaji wa nini?"

"Wa kondoo, baba."

Akacheka kidogo. "Basi anajua," akasema. Basi likafika, akanipandishia begi langu. "Safari njema, mwanangu."