Oveni ya Gesi Kibwezi: Anza na Maji

Ukienda kununua oveni ya kombi mjini Birmingham, muuzaji atakuuliza unalisha watu wangapi, jikoni una nafasi kiasi gani, na kama unataka ya trei 6, 10 au 20. Kibwezi, Kenya, maswali hayo yanafuata nyuma. La kwanza ni hili: maji yako ni ya wapi? Nimeona watu wa nyumbani wakiuziwa mashine hizi, na wengine wakitumiwa na jamaa zao walio Ulaya, pasipo mtu kuwauliza swali hilo hata mara moja. Ndiyo maana naandika.

Oveni ya kombi hupika kwa hewa moto inayozungushwa na feni, kwa mvuke, au kwa vyote viwili pamoja. Kampuni ya Rational ya Landsberg, Ujerumani, ilitoa yake ya kwanza mwaka 1976, na leo majiko ya hospitali, shule na hoteli Uingereza yameizoea. Ninapofanya kazi, huku Birmingham, asubuhi inaivisha wali na mboga kwa mvuke, mchana inachoma kuku, na usiku nyama ya paja inalala humo kwa moto mdogo hadi alfajiri. Nyama haikauki, kwa hiyo haipotezi uzito mwingi, na kwa mwenye hoteli anayenunua mbuzi kwa bei ya leo hilo ni jambo la pesa.

Dada yangu ana hoteli Kibwezi, kando ya barabara ya Mombasa. Zamani wateja wake walikuwa madereva wa malori na abiria. Siku hizi kuna semina na harusi, mamia ya sahani zikitakiwa kwa saa moja. Akaniandikia: "Kaka, nitumie moja kama hiyo ya kwenu." Nikamjibu kwamba ya kwetu imezoea maji ya kwetu.

Maji ya Birmingham hutoka bonde la Elan, huko Wales, na tangu 1904 yamekuwa yakiteremka yenyewe kwa mfereji wa kilomita 117 hadi mjini. Ni maji laini kabisa. Ya London ni magumu, na huko jiko lisilo na chujio hujuta mapema. Kibwezi ina bahati ya Chyulu: mvua hunyesha kwenye vilima vile vya volkano, huzama katika miamba yenye vinyweleo, na kutokea chini kama chemchemi, ile ya Umani ikiwa mojawapo. Lakini wengi hawako karibu na chemchemi. Wanategemea visima virefu, na kila Mkamba anajua visima vya upande wetu vilivyo na chumvi, kuanzia Kibwezi hadi ng'ambo ya mto Athi kuelekea Mutomo.

Hapo kuna maadui wawili, na watu huwachanganya. Wa kwanza ni chokaa, ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika. Katika oveni yenye boila, ukoko huo huganda juu ya vyuma vinavyochemsha maji, gesi ikaliwa zaidi, mvuke ukapungua, hatimaye boila ikafa. Wa pili ni chumvi yenyewe. Hiyo hula chuma cha pua, ikakitoboa vitundu vidogo vidogo ambavyo hakuna fundi wa kuviziba. Mashine ya kulainisha maji huondoa chokaa lakini chumvi inabaki palepale. Mtu akikuuzia kilainishi peke yake kwa maji ya kisima cha chumvi, amekuuzia nusu ya dawa. Kinachoondoa vyote viwili ni mtambo wa kuchuja kwa osmosisi ya kinyume, na huo humwaga sehemu ya maji unayouingizia. Katika nchi kavu kama yetu, panga mapema maji hayo yataenda wapi: kuoshea sakafu, au vyooni.

Ushauri wangu kwa Kibwezi ni maji ya mvua. Paa la hoteli, tangi kubwa, chujio la mchanga na la mkaa, pampu ya kuipa oveni presha inayotaka. Maji ya mvua hayana chokaa wala chumvi, na watu wa Ukambani wamekuwa wakiyavuna miaka mingi. Yatumie kwa oveni tu, yasipotelee kwenye kuoshea sufuria. Na kati ya oveni yenye boila na ile inayorushia maji moja kwa moja ndani ya chumba chake, chagua ya pili. Mvuke wake si mzito sana, lakini ni rahisi kuisafisha na haina boila ya kufa.

Sasa gesi. Uingereza gesi huja kwa bomba la mtaani, nayo ni methani, nyepesi kuliko hewa. Ikivuja hupanda juu. Gesi yetu ya mitungi ni nzito. Ikivuja hutambaa sakafuni na kuingia kwenye mitaro, kwa hiyo matundu ya hewa lazima yawe chini pia, na mitungi ikae nje, wima, penye upepo. Kila Mkenya anakumbuka mlipuko wa Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, kwenye kituo cha gesi ambacho EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, ilikuwa imekinyima kibali.

Tofauti hiyo ya gesi ndiyo huwakwaza wanaotuma oveni kuukuu kwa kontena. Tazama kibao cha chuma kilichobandikwa ubavuni. Kikisema G20, imetengenezewa gesi ya bomba. G30 ni butani, G31 ni propani. Oveni ya G20 ikiunganishwa na mtungi bila kubadilishiwa nozeli na presha, moto hutoka mkubwa kupita kiasi, huku ukitoa masizi na hewa ya sumu. Kama kampuni iliyoiunda haiuzi vifaa vya kuibadilisha, iache hukohuko.

Hesabu ya mitungi nayo ni muhimu. Oveni ya trei 10 huwa karibu kilowati 20, na ikiwaka kwa nguvu zote hula kama kilo moja na nusu ya gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 13 hauwezi kutoa mvuke wa gesi kwa kasi hiyo. Utaota barafu na moto utafifia katikati ya harusi. Unganisha mitungi ya kilo 50, angalau miwili.

Stima bado inahitajika, kwa feni na bodi ya kompyuta, lakini ni kidogo: sola yenye betri na inveta inatosha. Oveni ya umeme mtupu ingetaka fezi tatu. Ukifunga oveni ya gesi, mwambie fundi aipime kwa mwinuko wa hapo, takriban mita 900, kwa sababu Kibwezi maji huchemka yapata nyuzi 97. Fundi mwenyewe ajulikane, na mpira wa mlango na kiwashio vipatikane Nairobi.

Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na ugali haviitaki oveni hii. Sufuria na jiko la kuni lililoboreshwa vinatosha. Hoteli inayouza hivyo pekee isinunue. Anayepika kuku, mbuzi, wali na keki kwa umati, anunue, na anunue mpya ya gesi ya mitungi kutoka Nairobi, yenye dhamana. Ndugu uliye ughaibuni, kabla hujalipia kontena, tuma kwanza pesa za kupima maji ya kisima.