Baiskeli na Hema Katika Hell's Gate

MWENYE macho haambiwi tazama, lakini wengi wetu tuishio Nairobi hupita Naivasha kila Krismasi tukielekea mashambani bila kujua tunapita kando ya nini. Mimi nilipita hivyo kwa miaka mingi. Ni watoto wangu wawili walionizindua, mwisho wa juma wa Madaraka: "Mama, mwaka huu hatutaki kukaa nyumbani tukitazama gwaride kwenye televisheni."

Basi Jumamosi alfajiri tukapanda matatu hadi Naivasha, mwendo wa kilomita 90 hivi, kisha nyingine iendayo kusini mwa ziwa mpaka njia panda ya Hell's Gate. Hapo ndipo baiskeli hukodishwa. Mpenzi msomaji, usidanganywe na rangi. Jaribu breki zote mbili, badilisha gia, finya magurudumu na uitishe pampu. Kifungua mimba wangu alichagua iliyong'aa zaidi, na kabla hatujafika langoni mnyororo ulikuwa umetoka mara mbili.

Mbuga hii ilitengwa mwaka wa 1984, nayo ni ndogo, kilomita 68 mraba tu. Ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kwenda kwa miguu au kwa baiskeli katikati ya wanyama. Twiga walisimama wakatutazama kama wazee wanaotazama watu waliokuja harusini bila mwaliko. Punda milia hawakutujali. Ngiri walitimua mbio, mikia juu. Nyati tuliwaona kwa mbali, na huko mbali ndiko tulikowaacha.

Si mbali na lango pana mnara wa jiwe wenye urefu wa mita 25, uliopewa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika huku mwaka wa 1883. Wamaasai wana hadithi yao: kwamba huyo ni binti aliyekuwa akipelekwa kuolewa, akageuka kutazama kwao mara ya mwisho, akawa jiwe. Kitinda mimba wangu aliuzunguka mara mbili akiutafuta uso wa bibi harusi. Aliona pimbi tu, wamejianika juani.

Tulipiga hema juu ya genge, katika kambi ya Ol Dubai. Ng'ambo tuliona mvuke mweupe wa Olkaria, ambako umeme umekuwa ukizalishwa kwa joto la ardhini tangu mwaka wa 1981. Lakini joto hilo halikutufikia! Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na blanketi moja kwa watu wawili lilikuwa mzaha. Tulilala tumevaa soksi, sweta na kofia.

Siku ya pili tuliendesha baiskeli hadi kwenye korongo la Ol Njorowa, kama kilomita nane kutoka langoni. Hilo ndilo watoto walilokuwa wakiliota: kuta ndefu zilizochongwa na maji, na chemchemi za maji moto. Askari wa mbuga akatuzuia.

"Leo hamshuki, mama."

"Lakini afande, jua linawaka!"

Alinyoosha kidole. Mbali sana, juu ya vilima, wingu lilikuwa jeusi kama chungu. "Mvua ya kule ndiyo maji ya hapa," akasema. Akatueleza kwamba miteremko ya mbali humwaga maji yote katika ufa huu mwembamba, nayo huja kwa pamoja. Mwezi wa Aprili 2012 vijana saba walifia humo. Mwezi wa Septemba 2019 maji yalichukua roho za wengine.

Watoto walinuna. Nami, nitakuwa mkweli, nilinuna pia. Tukakaa kivulini tukala chapati na mayai ya kuchemsha bila maongezi. Baada ya saa mbili hivi tulisikia mngurumo, tukadhani ni lori. Kisha maji ya rangi ya udongo yakapita kule chini, yakibeba matawi na mawe, mahali hasa nilipokuwa nimepanga kuwapiga watoto picha. Mvulana wangu, ambaye kwa mwaka mzima amekataa kushikwa mkono mbele za watu, alinishika mkono mwenyewe.

Ukienda, lipa kwa simu mapema kwa sababu langoni hawapokei pesa taslimu. Beba maji mengi, blanketi za kutosha na vifaa vya kuziba pancha. Uliza hali ya korongo, na ukiambiwa hapana, usibishane.

Tulipokuwa tukiondoka askari yule alitupungia mkono. "Korongo halihami," akasema. "Rudini kiangazi."

Watoto wameanza kuhesabu siku.