Nani Huwauliza Wachezaji?

Ninapofundisha uhusiano wa mtawala na mtawaliwa, wanafunzi hutarajia niwatajie bunge au katiba. Siku hizi huwatajia pia RuneScape, mchezo wa mtandaoni ulioanza mwaka 2001, unaoendeshwa na kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Wapo wanaocheka. Tukifika kwenye habari ya kura, hunyamaza na kuanza kuandika.

Katika mchezo huo watu wengi hukutana ndani ya ulimwengu mmoja, hupigana, hufanya biashara na kulimbikiza mali kwa miaka. Kampuni hubadili nguvu za silaha kwa hoja ya kuleta uwiano, ili silaha moja isizifanye nyingine zote kuwa bure. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini kwa aliyeitafuta silaha hiyo kwa miezi kadhaa, kupunguziwa makali yake ni sawa na kunyang'anywa jasho lake.

Desemba 2007, ili kukomesha uuzaji wa dhahabu ya mchezo kwa fedha halisi, kampuni iliondoa mapigano huru baina ya wachezaji katika eneo la Wilderness, na mwezi uliofuata ikabana biashara huria. Wachezaji walijazana katika miji ya mchezo wakilalamika. Haki hizo zilirejeshwa mwaka 2011, baada ya kura ya wachezaji. Novemba 2012 mfumo mzima wa mapigano ukabadilishwa, na wengi wakaondoka. Februari 2013 kampuni iliwauliza wachezaji kama wanautaka mchezo wa zamani; wakaitikia kwa wingi, ukafufuliwa kutoka nakala iliyohifadhiwa tangu Agosti 2007.

Toleo hilo likaja na mkataba mpya: jambo jipya halikuingizwa mpaka likubaliwe na asilimia 75 ya wapiga kura. Mwaka 2022 kiwango kikashushwa hadi asilimia 70. Hata hivyo, kura ilizaa ugonjwa wake. Wanaopenda kupigana wao kwa wao ni wachache, na mara nyingi mapendekezo yanayowahusu yalikataliwa na wengi wasiokanyaga uwanja wao. Kampuni ikabaki na mamlaka ya kupitisha baadhi ya marekebisho bila kura, kwa maelezo kwamba inalinda uhai wa mchezo. Basi ni nani anayeamua lipi lipigiwe kura na lipi lisipigiwe?

Tusidhani ni mambo ya kitoto. Uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, wapo waliokesha wakiua majoka ya kijani na kuuza dhahabu yake ili wapate chakula. Walikuwa wakivunja kanuni za mchezo, na sauti yao haikuwa na mahali pa kusikika. Kwao, badiliko dogo la mchezo liligusa sufuria ya nyumbani.

Mtumishi wa umma aliyewahi kupokea waraka unaobadili masharti ya kazi yake kuanzia kesho yake anaielewa hasira hii. Watu hawachukii mabadiliko kwa kuwa ni mabadiliko. Huchukia kuyapata yakiwa yamekwisha kuamuliwa. Kura ni mwanzo mwema, lakini wengi wanaweza kuwaonea wachache kwa kura halali kabisa. Kwa hiyo anayetunga kanuni ana deni la ziada: aeleze sababu kabla ya utekelezaji, na awatafute kwa makusudi wale watakaoumia ambao idadi yao haitoshi kushinda.