Litowa Haikufa kwa Uvivu

Kila tunapomzika mwenzetu wa kijiji chetu cha ujamaa cha Litowa, hakosekani kijana matangani wa kusema ujamaa ulishindwa kwa uvivu wa watu. Nimenyamaza vya kutosha.

Mimi ni mtoto wa Songea. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikalima mahindi ya baba, kisha nikaingia Umoja wa Vijana wa TANU. Mwaka 1960 vijana wenzetu, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walivamia pori la Litowa, njaa ikawatoa. Walirudi wakafyeka upya. Mwaka 1963 tukaunda Chama cha Maendeleo Ruvuma, ambacho baadaye kilimiliki mashine ya kusaga Songea mjini.

Watu huuliza siri yetu. Ni kikao. Kazi ya kesho ilipangwa na sisi wenyewe: nani kwenye palizi, nani kwa ng'ombe, nani jikoni. Nakumbuka afisa mmoja alikuja na agizo tuache palizi, tukapande zao alilolitaka yeye. Mama mmoja mjane akasimama, jembe begani, akamwambia, "Mwanangu, magugu hayasubiri barua. Mahindi haya yakizongwa, utakuja kutulisha wewe?" Tukapiga kura, palizi ikaendelea. Afisa aliondoka amenuna. Mpaka leo wapo wanaosema tulimkosea adabu. Nasema hapana: adabu ni kumsikiliza mgeni, na tulimsikiliza. Kuamua ni kwa anayelima.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, aliyetujua vizuri, alitoa andiko la Ujamaa Vijijini. Tulidhani tumepona. Lakini Septemba 24, 1969, chama chetu kilivunjwa kwa uamuzi wa Kamati Kuu ya TANU, na mali zikachukuliwa. Operesheni Vijiji ilipokuja miaka ya sabini, watu wengi walihamishwa kwa amri, wengine nyumba zao zikichomwa. Sisi Litowa tulikwenda kwa miguu yetu. Msituweke nao kapu moja.

Ninyi vijana wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima vya leo, nisikieni. Mwenyekiti asiyetaka kuulizwa, mwondoeni. Hesabu zisomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, na bei isikubaliwe kabla ya mkutano. Mkulima akinyimwa neno juu ya jasho lake, ataacha jembe, na hapo msimwite mvivu.